Somo: Jinsi serikali ya mseto inavyoundwa katika jimbo la Ujerumani

Wengi wetu tunaifuatilia siasa ya Ujerumani kwa kumtazama Kansela peke yake. Lakini shule, polisi na vyuo vikuu viko mikononi mwa majimbo 16, na kila jimbo lina bunge lake, waziri mkuu wake na mawaziri wake. Mara nyingi hakuna chama kinachopata viti vya kutosha kutawala peke yake, kwa hiyo vyama huungana.

Tutatumia mfano mmoja, Sachsen-Anhalt, jimbo la mashariki ambalo makao makuu yake ni Magdeburg. Huko ndiko ulikozaliwa mwaka 2016 mseto wa kwanza wa jimbo wa aina ambayo Wajerumani huiita "Kenia": nyeusi ya CDU (chama cha kihafidhina), nyekundu ya SPD (chama cha mrengo wa kati kushoto) na rangi ya Chama cha Kijani, kama bendera ya Kenya.

Kabla hatujaanza, naomba mshike jambo moja. Orodha ya mawaziri haitakuambia kama mseto utadumu. Angalia wamekubaliana kufanya nini siku watakaposhindwa kukubaliana.

Hatua ya kwanza: hesabu viti, achana na asilimia

Chama kisichofikisha asilimia 5 ya kura kwa kawaida hakiingii bungeni, kwa hiyo asilimia peke yake zitakupotosha. Uchaguzi wa Machi 2016 ulileta bunge la viti 87: CDU 30, AfD 25, Die Linke 16, SPD 11, Kijani 5. Wingi unaohitajika ni 44. CDU na SPD, waliokuwa wakitawala pamoja tangu 2006, sasa walikuwa na viti 41 tu. CDU haikutaka kushirikiana na AfD ya mrengo mkali wa kulia wala na Die Linke ya kushoto. Wakabaki Kijani na viti vyao 5, na jumla ikawa 46. Hakukuwa na mapenzi hapo, hesabu ndiyo iliyowakutanisha. Chama kilichoingia bungeni kwa shida ndicho kikawa kinashikilia uhai wa serikali nzima.

Hatua ya pili: mazungumzo, kisha mkataba

Kwanza wakubwa wa vyama hukutana kupimana: je, kuna haja ya kuendelea? Wakiona kuna njia, huunda vikundi kazi vya elimu, fedha, kilimo na kadhalika, na kila kikundi huandika sura yake. Yaliyoshindikana hupelekwa juu kwa viongozi. Mwishowe hutoka mkataba mrefu wa maandishi, ambao hupelekwa kwenye mkutano mkuu wa chama au kwa wanachama wote waupigie kura.

Mkataba huo hauna nguvu ya kisheria. Huwezi kwenda mahakamani kudai kwamba mwenzako amevunja sura ya tatu. Adhabu pekee ni kuvunja serikali, na ndiyo maana kila neno hupimwa.

Hatua ya tatu: kugawana wizara

Mwaka ule SPD walipata wizara mbili, Kijani moja, na zilizobaki zikaenda CDU pamoja na kiti cha waziri mkuu, Reiner Haseloff. Ile moja ya Kijani, aliyopewa Claudia Dalbert, ilijumuisha mazingira, nishati na pia kilimo, katika jimbo la mashamba makubwa ambako wakulima wengi wana ukaribu na CDU. Chama kidogo hakikuomba wizara nyingi. Kiliomba ile inayogusa ajenda yake.

Waziri mkuu ndiye anayetoa mwelekeo wa jumla, lakini kila waziri huendesha wizara yake mwenyewe na kubeba lawama zake.

Hatua ya nne: kura ya siri

Hapa ndipo wengi hushtuka. Waziri mkuu huchaguliwa na bunge la jimbo kwa kura ya siri, na mbunge aliyechukia mkataba anaweza kumwadhibu bila kujulikana. Haseloff alishindwa katika duru ya kwanza mwaka 2016, akapita ya pili. Mwaka 2021 mambo yakajirudia, ingawa safari hiyo mseto wake wa CDU, SPD na FDP, chama cha kiliberali, ulikuwa na viti 56 kati ya 97. CDU na SPD peke yao wangekuwa na 49, yaani wingi wa kiti kimoja. Ukiona jinsi kura hizi zinavyokwenda, utaelewa kwa nini walimwongeza wa tatu.

Hatua ya tano: kuishi pamoja

Hatua hii ndiyo nzito kuliko zote.

Kila jimbo lina kura katika Bundesrat, baraza la majimbo la kitaifa lenye kura 69. Sachsen-Anhalt ina 4. Katiba inataka kura za jimbo moja zipigwe kwa pamoja, haziruhusiwi kugawanyika. Sasa SPD wakitaka sheria fulani na CDU wakaikataa, jimbo lipige vipi? Karibu kila mkataba wa mseto una kifungu cha jambo hili: tusipokubaliana, jimbo letu halisemi ndiyo wala hapana. Na kwa kuwa sheria zinazohitaji ridhaa ya Bundesrat hutaka kura 35 za ndiyo, kukaa kimya huko matokeo yake ni sawa na kukataa.

Kifungu hicho kikipuuzwa huwa balaa. Tarehe 22 Machi 2002, sheria ya uhamiaji ilipopigiwa kura, waziri mmoja wa jimbo la Brandenburg kutoka SPD alisema ndiyo, na mwenzake Jörg Schönbohm wa CDU akasema hapana. Spika wa kikao alimgeukia waziri mkuu wa jimbo, Manfred Stolpe wa SPD, ambaye alisema ndiyo, na kura zote 4 zikahesabiwa ndiyo. Desemba ya mwaka huohuo Mahakama ya Katiba iliifuta sheria nzima kwa sababu ya kura hiyo.

Turudi Magdeburg. Mwishoni mwa 2020 ada ya redio na televisheni za umma ilitakiwa kupanda kutoka yuro 17.50 hadi 18.36 kwa mwezi. Nyongeza ya senti 86! Lakini ilihitaji ridhaa ya majimbo yote 16. CDU ya Sachsen-Anhalt ilipinga, ikisema mkataba wa mseto uliahidi ada isipande. SPD na Kijani waliunga mkono nyongeza, na wakaonya kwamba CDU ikipiga kura upande mmoja na AfD, ndoa imekwisha. Waziri wa mambo ya ndani, Holger Stahlknecht, mwenyekiti wa CDU jimboni, alizungumza gazetini kuhusu uwezekano wa CDU kutawala peke yake bila wingi. Haseloff alimfukuza tarehe 4 Desemba. Siku nne baadaye aliuondoa muswada bungeni, kura haikupigwa, na mseto ukafika mwisho wa muhula. Ada haikupanda Januari, lakini mwaka 2021 Mahakama ya Katiba iliamua jimbo lilikosea, na ikapanda.

Naona Haseloff alifanya lililowezekana. Kasoro ilikuwa mkatabani: waliandika ahadi ya ada, hawakuandika wafanyeje ikiwa ahadi hiyo itagongana na majimbo mengine 15.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kutoka Mombasa: Mwalimu, shikamoo. Hii si ndiyo nusu mkate yetu ya 2008?*

Marahaba. Inafanana kwa kugawana, inatofautiana kwa chanzo. Nusu mkate ya Kibaki na Raila ilikuja baada ya damu kumwagika, kwa usuluhishi wa Kofi Annan, na makubaliano yalitiwa saini tarehe 28 Februari 2008. Vyama vikuu vyote viliingia serikalini, upinzani bungeni ukabaki mdogo sana. Magdeburg wapinzani walikuwa na viti 41 kati ya 87.

*Kutoka Unguja: Kwetu Serikali ya Umoja wa Kitaifa imo kwenye katiba. Hakuna jimbo lenye utaratibu kama huo?*

Ujerumani hapana. Ila Austria, nayo ni nchi ya majimbo, unaweza kuukuta: Oberösterreich na Niederösterreich vyama hupata nafasi serikalini kulingana na nguvu zao bungeni, wapende wasipende. Majimbo mengine kadhaa yaliuacha mfumo huo, kwa hoja kwamba ni vigumu kuikosoa serikali ambayo umo ndani yake. Hoja hiyo nadhani inasikika hata Zanzibar.

*Kutoka Potsdam: Naishi hapa kwa kibali. Naweza kupiga kura ya jimbo?*

Hapana, dada yangu. Uchaguzi wa jimbo ni wa raia wa Ujerumani tu. Hata raia wa nchi nyingine za Umoja wa Ulaya huishia kura za manispaa na za Bunge la Ulaya. Ukipata uraia, au mwanao akiwa nao, jimbo lako la Brandenburg huruhusu kupiga kura kuanzia miaka 16.

*Kutoka Dodoma: Waziri mkuu anaweza kumfukuza waziri wa chama kingine?*

Kisheria anaweza. Kwa desturi hagusi waziri wa mwenzake bila chama hicho kukubali, maana akigusa amevunja mseto. Angalia kwamba Stahlknecht alikuwa wa chama kilekile cha Haseloff. Kinyume chake kilitokea Novemba 2024, siku Bundesrat ilipokuwa ikiamua juu ya mageuzi ya hospitali. Dietmar Woidke wa Brandenburg, wa SPD, alimfukuza waziri wake wa afya, Ursula Nonnemacher wa Kijani, kwa sababu alitaka sheria ipite na Woidke alitaka irudishwe kwenye kamati ya upatanishi. Uchaguzi ulikuwa umeshafanyika Septemba, Kijani wamepoteza viti vyote, na Woidke alikuwa anajadiliana na chama kingine kuhusu serikali mpya. Hakuwa na mseto wa kuulinda tena. Sheria yenyewe ilipita.