Kusawazisha rangi na mwanga wa Nebula ya Jabari kwa Siril na GIMP

Mwenzetu mmoja wa Kigamboni alinitumia picha yake ya M42, yaani Nebula ya Jabari (Orion), wingu la gesi na vumbi angani: katikati peupe pe, anga limekuwa la chungwa upande mmoja, na nebula imepauka. Kamera haikuwa na kosa lolote. Tuliianza upya data ileile kwa Siril (programu ya kuchakata picha za anga) na GIMP (ya kuhariri picha), hivi.

Hatua ya 1: Kurundika

RAW (faili ghafi za kamera), seti mbili: za sekunde 60, na za sekunde 5 kwa ajili ya katikati penye mwanga mkali. Rundika (unganisha fremu nyingi kuwa picha moja) kila seti peke yake, zote zikifuata fremu moja ya rejea, kisha kata kingo sawasawa.

Hatua ya 2: Kutoa mwanga wa mji

Hapa ndipo rangi nyingi hufia. Picha iliyorundikwa huonekana nyeusi tii, kwa hiyo washa AutoStretch, inayong'arisha picha kwenye skrini ya Siril. Hiyo ni ya kuonea tu, data haijaguswa. Angalia alama ya mnyororo: chaneli tatu (nyekundu, kijani, buluu) ziwe zimefungwa pamoja. Zikiachwa huru, kila moja inasawazishwa kivyake kwenye skrini. Unaona anga la kijivu safi, unashangilia, kumbe chungwa lote bado limo.

Sasa fungua zana ya kutoa mandharinyuma, chagua polinomia (umbo la hesabu la kukadiria mwanga wa anga) ya digrii 1, iliyo rahisi kuliko zote. Digrii 4 hujipinda kufuata kila kitu, nebula ikiwemo. Siril itatawanya vidoti vyake vya kupimia anga tupu, usiviamini. M42 ni pana kama mwezi mpevu mara mbili, lakini vumbi lake linafika mbali zaidi, na kaskazini yake kuna nebula nyingine, NGC 1977, yenye ubuluu hafifu. Kidoti kikikaa juu ya vumbi, programu inalihesabu kuwa anga tupu na kulifuta. Viondoe kwa kubofya kulia, ubakize vya pembeni hata kama ni vichache.

Kuhusu njia: toa, usigawanye. Mwanga wa taa umejumlishwa juu ya mwanga wa angani, basi unatolewa. Giza la pembe za lenzi ndilo hugawanywa, na hiyo ni kazi ya fremu za flati (picha za uso wenye mwanga sawa) wakati wa kurundika. Ukimaliza, tazama ukingo wa nebula. Ukiona utando mweusi umeizunguka, vidoti vilikalia vumbi, rudi nyuma.

GraXpert, programu nyingine ya kutoa mandharinyuma, kwa AI ni ya haraka, na kwa galaksi ndogo naitumia. Kwa M42, vidoti naweka kwa mkono.

Hatua ya 3: Rangi

Ifanye kabla ya kuinua mwanga, kwa seti zote mbili. Siril hulinganisha rangi za nyota zako na katalogi ya nyota, ila lazima kwanza itambue picha inaelekea wapi. Mpe urefu wa fokasi na ukubwa wa pikseli (Canon 600D ni mikroni 4.3).

Usikimbilie kiondoa kijani. Ni kweli sensa ina pikseli mbili za kijani kwa kila moja nyekundu na moja ya buluu, lakini kiini cha M42 kina kijani chake halali: oksijeni inayong'aa kwenye nanomita 500.7. Wengi huifuta hiyo halafu wanalalamika kwamba nebula yote ni ya waridi.

Hatua ya 4: Kuinua mwanga

Tumia zana ya Asinh ya Siril, kidogo kidogo. Hupandisha chaneli zote kwa uwiano mmoja, nyota zikabaki na rangi zake. Mlima wa histogramu (grafu ya mwanga wa picha) usigusane na ukuta wa kushoto. Anga jeusi kabisa limekatwa, halikusafishwa.

Hatua ya 5: Katikati

Hifadhi TIFF za biti 16, zifungue GIMP kama leya (tabaka) mbili, ya sekunde 5 iwe juu. Iwekee maski nyeusi, inayoificha yote, kisha paka nyeupe ili ionekane kwa brashi laini, kubwa, ya asilimia 20, kuanzia nyota za Trapezium, zilizo kwenye kiini cha nebula, kwenda nje. Ukiuona mpaka, brashi yako ni ndogo.

Ukolezi wa rangi uongeze mwisho, kwa kiasi. Kamera isiyofanyiwa marekebisho huzuia sehemu kubwa ya wekundu wa hidrojeni wa nanomita 656.3, na ukiulazimisha utapata chengachenga nyekundu tu. JPEG iwe sRGB, la sivyo simu za watu zitaonyesha rangi nyingine.