Pumu ya ngozi kwa mtoto: maji, mafuta ya nazi na dakika tatu

Akina mama wengi wanaoniletea mtoto mwenye viwiko vilivyochubuka kwa kujikuna wameshaambiwa mtaani kwamba damu ya mtoto ni chafu. Mtoto ameshanyweshwa mwarobaini, ameshapakwa ndimu, na sasa analia akiona beseni tu. Mama yangu, pumu ya ngozi haitokani na damu chafu, wala haiambukizi. Ngozi ya mwanao inavuja. Maji yaliyo ndani yake yanapotea upesi, huku sabuni, jasho na vumbi vikipenya na kuwasha moto. Dawa ya asili itakayomsaidia ni ile inayoziba uvujaji huo. Ndimu na majani makali vinazidi kuitoboa.

Kama daktari amekupa krimu ya steroidi, yaani dawa ya kupaka inayotuliza uvimbe na muwasho, usiiache. Haya ninayokufundisha yanakwenda pamoja nayo.

1. Badilisha sabuni

Ngozi yenye afya ina pH (kipimo cha ukali wa asidi; namba ndogo ni asidi zaidi) ya karibu 5. Sabuni nyingi za mche zinafika 9 hadi 10, ndiyo maana ngozi inakazana baada ya kuoga. Tumia sabuni laini isiyo na manukato kwenye makwapa, sehemu za nepi na nyayo. Kwingineko maji yanatosha. Dodoki lipumzike kabisa.

2. Mwogeshe dakika 5 hadi 10

Maji yawe ya uvuguvugu. Siku ambazo muwasho umezidi, saga oti kavu zisizo na sukari mpaka ziwe laini kama unga wa ngano. Tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji ukoroge: maji yakiwa meupe kama maziwa, umefaulu, unga ukizama chini, rudisha kwenye blenda. Viganja viwili vya unga huo vinatosha beseni kubwa. Mshike vizuri, maji yake yanateleza.

3. Dakika tatu

Wengi wanakosea hapa. Wanamwogesha vizuri, kisha mtoto anakaa na taulo wakati uji unapoa. Akishakauka, umechelewa.

Chukua kanga kuukuu iliyolainika, mguseguse nayo bila kusugua, ngozi ibaki na unyevu. Kabla dakika 3 hazijapita, mpake mafuta mwili mzima, hata pasipo na vipele, kwa kushusha mkono kufuata malaika, yaani vinyweleo laini vya mwili. Rudia angalau mara moja zaidi kwa siku.

Mafuta ya nazi nayapenda kwa sababu yamepimwa. Utafiti wa Ufilipino uliochapishwa 2014 ulifuatilia watoto 117 kwa wiki 8: waliopakwa mafuta safi ya nazi, ukali wa ugonjwa ulishuka kwa wastani wa 68%, waliopakwa mafuta ya madini (yanayosafishwa kutoka mafuta ghafi), 38%. Tafuta yasiyotiwa manukato wala rangi. Ukijitengenezea, ikune nazi, kamua tui zito bila kuongeza maji mengi, lifunike mahali penye joto kwa saa 24 hadi 36. Mafuta yatajitenga, yateke taratibu kwa kijiko, yapashe moto mdogo mpaka yaache kutoa mapovu, chuja kwa kitambaa safi, weka kwenye chupa kavu. Kwanza jaribu sehemu ndogo ya mkono kwa siku mbili.

Mafuta ya zeituni usiyatumie hapa, hata kama yanasifiwa. Yana asidi ya oleiki nyingi, nayo hudhoofisha ngozi hii. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanafaa sana, hasa nyakati za baridi.

Krimu ya daktari ipake kwenye vipele tu. Ukikamua mstari kuanzia ncha ya kidole chako cha shahada hadi kwenye mkunjo wa kwanza, unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole vyake.

4. Usiku

Kata kucha fupi. Muwasho ukimnyima usingizi, mpake mafuta, mvalishe fulana ya pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, kisha nyingine kavu juu yake. Usifanye hivyo penye usaha, au mtoto akiwa na homa.

Udi na manukato makali visiwe chumbani mwake. Mayai, maziwa na samaki usimkatie kwa kubahatisha. Mtoto anayekua anavihitaji.

5. Vikopo visivyo na lebo

Hili linaniumiza. "Krimu ya mitishamba" inayomaliza vipele kwa siku mbili, kisha vinarudi vikali zaidi ukiiacha, mara nyingi imechanganywa na steroidi kali kwa siri. Niletee kikopo chenyewe, sitakugombeza.

6. Wakati wa kukimbilia hospitali

Usaha, magamba ya rangi ya asali, au ngozi yenye joto inayouma: nenda kesho asubuhi. Malengelenge madogo yanayofanana, yenye kishimo katikati, hasa yakiambatana na homa: nenda leo hii, hata usiku.

Kwenye ngozi yetu nyeusi, uvimbe hauwi mwekundu kila mara. Huonekana kijivu au zambarau, au vinundu vidogo unavyovihisi kwa vidole. Ukipoa, huacha alama nyeusi au nyeupe kwa miezi kadhaa. Alama hizo hazihitaji dawa ya kung'arisha. Endelea na mafuta, zitafifia.