Mtihani wa kemia mwaka wa kwanza: jiandae kwa kalamu, si kwa macho

Mwanafunzi wa chuo kikuu huko Tunguu, Zanzibar, anaweza kuyasoma maelezo ya darasani mara tatu, akayaelewa yote, na bado akakwama kwenye swali la kwanza la mtihani wa kemia ya jumla. Kuufuata mfano ambao mhadhiri keshaukokotoa ni kazi moja. Kulianza swali mbele ya karatasi tupu ni kazi nyengine kabisa, na mtihani unapima hiyo ya pili.

Wiki tatu kabla, tafuta mitihani ya miaka minne au mitano iliyopita na uitoe kopi. Usiisomee kwenye simu: majibu yamo humo humo na yanavuta jicho, na umeme ukikatika chaji haikusubiri. Orodhesha mada zinazorudi kila mwaka, uanze na hizo. Kila siku fanya maswali machache, daftari likiwa limefungwa. Ukikwama zaidi ya dakika 15, fungua daftari, tazama hatua iliyokushinda tu, lifunge, kisha anza swali upya tangu mwanzo. Kesho yake lirudie swali hilo hilo kwa namba ulizozibadilisha mwenyewe. Hatua hii ya kurudia ndiyo inayorukwa sana, nayo ndiyo inayoleta alama. Mtihani ukiangukia Ramadhani, hesabu zifanywe baada ya sala ya alfajiri, nguvu ya daku ikiwa bado ipo. Mchana uachie kusoma kwepesi.

Mada ya kuanzia ni moli, kizio cha kuhesabia chembe za dutu, kwa sababu gesi, asidi na joto la mmenyuko vyote vinapitia hapo. Chukua chokaa, ile iliyojengea Mji Mkongwe. Mawe ya matumbawe yakichomwa, CaCO₃ → CaO + CO₂. Tuseme una kilo 250 za mawe, na CaCO₃ ni asilimia 80 yake. Utapata CaO, yaani chokaa yenyewe, kiasi gani? Kwanza toa uchafu: 250 × 0.80 = kilo 200, yaani gramu 200,000. Gawa kwa 100.09 g/mol, uzito wa moli moja ya CaCO₃, upate moli 1,998. Uwiano ni moja kwa moja, kwa hiyo zidisha kwa 56.08 g/mol ya CaO: kilo 112. Anayesahau ule uchafu hupata 140, na namba hiyo haina dalili yoyote ya kumshtua. Swali likiongeza kuwa tanuri lilitoa kilo 95 tu, mavuno ni 95 ÷ 112, asilimia 85.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye kitendanishi (dutu inayoingia kwenye mmenyuko) kinachokwisha kwanza. Gramu 2.43 za magneziamu zinatiwa kwenye mL 100 za HCl ya 1.50 M (moli kwa lita). Magneziamu ni moli 0.100, HCl ni moli 0.150. Mwenye haraka atasema magneziamu ndiyo itakayokwisha, kwa kuwa ni kidogo. Sivyo. Mlinganyo ni Mg + 2HCl → MgCl₂ + H₂, kwa hiyo magneziamu yote ingehitaji moli 0.200 za HCl, nazo hazipo. HCl inakwisha kwanza, H₂ inatoka moli 0.0750, na magneziamu inabaki moli 0.025, kama gramu 0.61. Usilinganishe gramu, wala moli peke yake. Gawa moli za kila kitendanishi kwa namba iliyo mbele yake katika mlinganyo, ndipo ulinganishe.

Ipeleke haidrojeni hiyo hiyo kwenye mlinganyo wa gesi, PV = nRT, kwa nyuzi 27 za Selsiasi na atm 1. Jibu sahihi ni lita 1.85. Ukiweka 27 badala ya 300 K (Kelvini, yaani 27 + 273), utapata lita 0.166. Ukichukua R = 8.314 ilhali shinikizo liko kwa atm, utapata 187, yaani haidrojeni ya kukaribia kujaza pipa zima, imetoka kwenye gramu mbili na nusu za magneziamu! R ya 0.08206 huenda na lita na atm, ya 8.314 huenda na juli, au paskali na mita za ujazo. Andika kizio kwenye kila mstari, si kwenye jibu la mwisho tu. Vizio visipokatana, kosa umeliona kabla ya msahihishaji.

Asidi na besi ndiko mitego ilikojaa. Siki ya 0.10 M (Ka, kipimo cha jinsi asidi inavyovunjika, = 1.8 × 10⁻⁵) haina pH ya 1, kwa sababu asidi asetiki haivunjiki yote: [H⁺] ni kipeuo cha pili cha Ka × C (C ni ukolezi wa asidi), yaani 1.3 × 10⁻³, na pH ni 2.87. Njia hiyo ya mkato inafaa maadamu kilichovunjika hakizidi asilimia 5. Asidi hiyo hiyo ikiwa 1.0 × 10⁻⁴ M, mkato unakupa asilimia 42, basi rudi kwenye mlinganyo wa kipeo cha pili. pH inatoka 4.46, si 4.37. Na HCl ya 1.0 × 10⁻⁸ M haiwezi kuwa na pH ya 8. Asidi haigeuki besi kwa kuongezwa maji. Ukihesabu na H⁺ za maji yenyewe unapata 6.98.

Kwenye taitresheni ya mL 25.0 za siki hiyo kwa NaOH ya 0.10 M, nusu ya njia pH ni sawa na pKa (−log ya Ka), 4.74, bila hesabu ndefu. Mwisho wa taitresheni ujazo umekuwa mL 50, kwa hiyo asetati ni 0.050 M na pH ni 8.72. Asiyekumbuka kuwa ujazo umeongezeka hupata 8.87. Kwa kuwa pH ya mwisho iko juu ya 7, kiashiria kinachotumiwa ni fenoliftalini. Methaili oranji hugeuka rangi mapema mno.

Muundo wa atomu unahitaji kukariri kidogo tu: Cr ni 3d⁵4s¹, Cu ni 3d¹⁰4s¹, na Fe ikigeuka Fe²⁺ hupoteza elektroni za 4s kwanza. Kwenye maumbo ya molekuli, hesabu jozi za elektroni zisizofungamana kabla ya kutaja umbo. XeF₄ ni bapa kwa sababu ya jozi mbili kama hizo.

Kwenye kikundi, elezaneni kwa Kiswahili mpaka kieleweke, kisha kila mmoja aandike jibu kwa Kiingereza kabla ya kuinuka barazani, maana ndiyo lugha ya mtihani.

Kalkuleta utakayoingia nayo iwe ile uliyofanyia mazoezi. Kitufe cha EXP tayari kina “× 10” ndani yake, anayebonyeza 6.02 × 10 EXP 23 amezidisha kwa kumi bila kujua. Na kama karatasi ni ya saa 3 kwa alama 100, swali la alama 10 lisivuke dakika 18. Likivuka, acha nafasi, andika mlinganyo uliowianishwa na hatua ulizofika, uendelee; hatua nazo zina alama.