Somo: Kumvalisha na kumtoa nje mtoto wa mwaka 1 mpaka 3 huku Finnmark, hata kipindi cha giza

Habari zenu wapendwa. Kila ikifika Oktoba maswali ni yale yale kutoka kwa familia zilizopangiwa kuishi huku juu kabisa ya Norway, Vadsø, Kirkenes, Alta, Hammerfest, hasa ndugu zetu Wakongo wanaotolewa kambini Uganda na kushushwa kwenye theluji moja kwa moja, na sisi wengine tuliofuata waume. Basi leo naandika yote sehemu moja.

Msimamo wangu nausema mapema: mtoto atoke nje kila siku. Sisemi hivo kwa kuwaiga wenyeji, ila mtoto wa miaka miwili ukimfungia ndani toka Novemba mpaka Februari usiku hatalala, mchana atapanda mapazia, na mtaishia kumpa simu tu. Na akianza chekechea (huku barnehage) atatolewa nje kila siku upende usipende, kwa hiyo bora azoee kwako.

Hatua ya 1: angalia upepo kabla ya nyuzi

Watu wanaogopa namba ya nyuzi tu. Huku pwani ya Varanger bahari haigandi hata Januari, kwa hiyo Vadsø mara nyingi siyo baridi ya kutisha kama unavyofikiria ukiwa Dar, kinachoumiza ni upepo. Mainasi 10 bila upepo mtoto anacheza vizuri kabisa, mainasi 10 hiyo hiyo na upepo wa mita 10 kwa sekunde mwili unaisikia kama mainasi 20, na hapo mtoto mdogo simtoi zaidi ya kuvuka barabara. App ya hali ya hewa ya Yr inaonyesha vyote viwili, isome asubuhi kabla hujaanza vita vya nguo. Walioko bara, Karasjok na Kautokeino, kwenu ni kinyume, upepo kidogo ila baridi kavu ya kweli, Karasjok ndo wana rekodi ya nchi nzima, mainasi 51.4 mwaka 1886.

Hatua ya 2: sufu, sufu, sufu

Hapa ndo pesa iende. Nguo inayogusa ngozi iwe ya sufu, fulana ya mikono mirefu na taiti, ile laini ya merino isiyowasha. Pamba acha ndani ya nyumba. Pamba ikilowa jasho inabaki na maji na mtoto anapoa nayo, sufu hata ikiwa na unyevu bado inatunza joto. Nimeona wazazi wanamvalisha mtoto suruali tatu za pamba na sweta mbili, mtoto hawezi hata kukunja mkono, na bado anatetemeka.

Bei ya dukani inauma najua. Nenda maduka ya mitumba au tafuta Finn.no, tovuti ya kuuziana vitu, watu wanauza fungu zima la nguo za mtoto kwa bei ya kitu kimoja kipya, na huku hakuna anayekucheka kuvaa mtumba, wenyeji wenyewe wanarithishana ovaroli (lile vazi zima la theluji la juu) mpaka mtoto wa nne. Kufua: programu ya sufu, sabuni ya sufu, na usiweke kwenye mashine ya kukaushia maana itatoka ya kumvalisha mdoli. Halafu sufu haihitaji kufuliwa kila siku, itundike tu ipate hewa.

Hatua ya 3: mpangilio wa kuvaa

Wewe vaa kwanza. Ukimmaliza yeye halafu uanze kutafuta soksi zako, mtoto atatoka jasho mlangoni na mtakuwa mmeharibu kila kitu kabla ya kutoka. Kwa hiyo wewe unavaa, koti unaliacha wazi, unabadilisha pampasi (lazima, hata kama ni kavu, niamini), halafu ndo sufu ya chini, soksi ya sufu, sweta na suruali ya sufu au flisi kama ni chini ya mainasi 5 hivi, kisha kofia, na glavu za sufu zile zisizotenganisha vidole zivae KABLA ya ovaroli, ili mkono wa ovaroli upite juu yake, halafu juu yake tena glavu za kuzuia maji. Ukifanya hivo hawezi kuzivua kirahisi.

Buti lazima libaki na nafasi, vidole vicheze ndani. Soksi mbili zilizobanwa ni baridi kuliko soksi moja nene kwenye buti kubwa. Mpira wa ovaroli upite chini ya buti. Skafu msimfunge mtoto, inaweza kunasa kwenye bembea ikamkaba, tumia ile ya kuvaa kichwani inayoziba shingo tu.

Hatua ya 4: ngozi na nywele

Hili wenyeji hawatakwambia. Hewa ya ndani na mahita yake inakausha ngozi zetu vibaya sana. Akitoka kuoga, mpake mafuta mazito yasiyo na manukato mwili ukiwa bado na unyevu. Ila usoni, losheni ya maji maji usimpake muda ule ule wa kutoka, mpake mapema ikauke. Nywele suka mistari myepesi iliyolala, mabutu yanainua kofia na upepo unaingia masikioni, na chini ya kofia ya sufu weka kikofia cha satini ili zisikatike.

Hatua ya 5: mkishatoka

Toka mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi kabisa, lakini siyo giza tupu, saa 5 mpaka saa 7 mchana hivi kuna mwanga wa bluu, mzuri kweli, panga matembezi muda huo. Rifleksi (vile vinavyong'aa vikimulikwa na taa) kwa mtoto, kwako na kwenye kigari, dereva wa gari la kusukuma theluji hakuoni. Sleji ya plastiki na kamba inatosha, weka ngozi ya kondoo ya kukalia. Ila mtoto anayekaa tu kwenye sleji anapoa haraka kuliko anayekimbia, mshushe atembee, aanguke, aparamie malundo.

Kupima joto weka kidole kisogoni, ndani ya nguo. Pakiwa na joto yuko sawa hata kama pua ni baridi, pakiwa na jasho punguza nguo, pakiwa baridi rudini.

Na jamani sikilizeni hapa. Vipeperushi vinasema ngozi ikianza kuganda unaona doa jeupe shavuni. Kwa mtoto mweusi doa hilo linakuwa la kijivu, kama lililopauka, na rahisi ulikose. Kwa hiyo gusa: pakiwa pagumu au kama nta, au mtoto amekwambia panauma halafu ghafla hapaumi tena, weka kiganja chako chenye joto juu yake na muingie ndani. Usisugue, na usipake theluji kama wazee wengine wanavyosema. Pasiporudi laini piga legevakt (daktari wa zamu) 116117, hali mbaya kabisa ni 113, ambulensi.

Kitu kingine, chuma. Siku moja atalamba nguzo ya bembea na ulimi utanasa. Usimvute, mwagia maji ya uvuguvugu utaachia.

Hatua ya 6: kurudi

Toa soli za ndani za buti, geuza glavu, tundika vyote. Chekechea ni hivo hivo, andika jina kwenye kila kitu na uwe na seti nzima ya akiba kule.

Halafu uji wa moto na vitamini D. Ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kutengeneza vitamini D na huku miezi yote ya baridi jua halikupi kitu, watoto wanatakiwa kupata maikrogramu 10 kila siku. Kijiko cha chai cha mafuta ya ini la chewa, tran, kinatosha. Usichanganye tran na matone ya vitamini D pamoja bila kuuliza helsestasjon (kliniki ya watoto), ni bure nendeni.

MASWALI

Bibi_wa_Tanga: Mwanangu hongera kwa somo. Ila nimemuona mjukuu wangu kwenye video analala nje kwenye kigari, theluji inaanguka! Hiyo si nimonia jamani?

— Shikamoo bibi. Nimonia inaletwa na vijidudu, na vijidudu vinapenda chumba kilichofungwa chenye watu wengi. Huku watoto kulala nje ni kawaida kabisa, wanakuwa kwenye mfuko mnene na sufu, uso haufunikwi, na mtu anawaangalia. Wengi wanaacha ikifika kama mainasi 10. Akiwa na homa halali nje.

MamaEspoir: Dada asante sana. Mimi niko Kirkenes, mutoto wangu wa miaka mbili anakatalaka kabisa glavu, anazitosha na kuzitupa, tunapiganaka kila asubui. Nifanye aje?

— Pole mama Espoir, wote wako hivo. Kwanza njia ya Hatua ya 3, glavu kabla ya ovaroli. Pili mpe kazi, ashike koleo dogo, mkono wenye kazi hausumbui. Akikataa kabisa toka naye bila, glavu ziwe mfukoni kwako, baridi ikimgusa dakika mbili atazidai mwenyewe. Kwenye upepo usijaribu hiyo.

Baba J: Sisi tunahamia Vadsø kutoka Oslo mwezi wa pili. Gari je? Na ni kweli chekechea bure?

— Kweli, Finnmark yote na manispaa za kaskazini mwa Troms ni bure toka Agosti 2023, chakula tu unaweza kudaiwa. Gari: mtoto akae kiti cha kuangalia nyuma mpaka miaka 4 hivi, na MVUE ovaroli kabla ya kufunga mkanda, ovaroli nene linaacha nafasi na ajalini mtoto anachomoka. Funga mkanda ukibana kifua halafu blanketi juu. Kwenda hospitali Kirkenes ni kama kilomita 170 kuzunguka fjord (mkono wa bahari), na barabara zinafungwa kwa dhoruba au mnaenda kwa msafara nyuma ya gari la kusukuma theluji, mnaweza kusubiri masaa. Tenki lijae, pampasi, maji, mikate, blanketi. Namba ya simu ya kuulizia hali ya barabara ni 175.

Zuhura_Alta: Wakwangu shida ni usingizi, sasa hivi Juni saa 5 usiku jua linawaka anataka kwenda kuteleza.

— Aaa hapo tuko wote. Pazia jeusi lile zito, libane pembeni kwa tepu mwanga usipenye, na chakula cha jioni, kuoga na hadithi viwe saa ile ile ya Januari. Usimwambie "jua limelala", anaenda kuangalia dirishani.

Baba J: Kiti tunacho kile cha kuangalia mbele, mtoto ana mwaka na nusu. Kinafaa mpaka tununue kingine?

— Hapana kaka, kabadilisheni kabla ya safari. Na kwa kiti usichukue mtumba wa mtu usiyemjua, huwezi kujua kama kilishapata ajali.