Nafplio: jinsi ya kwenda kuogelea Ugiriki ukitokea Dar

Kama unataka Ugiriki na hela zako ni za kuhesabu, achana na kisiwa cha Santorini, nenda Nafplio. Ni mji mdogo wa bandari kwenye ghuba ya Argolis, kilomita kama 140 kutoka Athens, una ngome za kale, una fukwe za kwenda kwa miguu, na kufika huko hulipii ndege ya pili wala boti. Ni kama Bagamoyo na Dar vile, Nafplio ilikuwa makao makuu ya Ugiriki mpya baada ya kujitoa kwa Waturuki, halafu 1834 serikali ikahamia Athens na mji ukabaki na majumba yake mazuri na vichochoro vyake. Ila wikiendi watu wa Athens wanajazana, kwa hiyo chumba tafuta Jumapili mpaka Alhamisi, utaona bei ilivyo tofauti.

Viza ndiyo itakula muda wako kuliko kitu kingine chochote. Ni ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya, ada euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, lakini mtu anayesubiri hizo siku 15 amejimaliza mwenyewe, wewe omba miezi miwili mitatu kabla. Ingia kwanza tovuti ya wizara ya mambo ya nje ya Ugiriki uone Mtanzania anapeleka wapi maombi, usitegemee stori za kijiweni. Bima ya safari isipungue euro 30,000, pasi iwe hai miezi mitatu zaidi ya siku ya kutoka Schengen na iwe na kurasa mbili tupu, halafu bukingi ya hoteli, bukingi ya ndege kwenda na kurudi, barua ya kazini au leseni ya biashara, na steitimenti ya benki. Hapo kwenye steitimenti usije ukakopa milioni kumi kwa shemeji ukazitumbukiza wiki moja kabla ya kuprinti, wale watu kazi yao ni kusoma hizo karatasi na wanaona. Na dalali anayekuambia viza yako ni ya uhakika mkimbie, hakuna mwenye uhakika huo zaidi ya ubalozi. Jua pia kwamba tangu Oktoba 2025 wameanza mfumo mpya mpakani, wanachukua alama za vidole na picha, kwa hiyo foleni inaweza kuwa ndefu, usikasirike.

Muda mzuri ni mwishoni mwa Mei mpaka katikati ya Juni, au Septemba. Mimi naipigia debe Septemba, kwa sababu bahari imepashwa moto na kiangazi kizima, na watoto wa shule wamerudi madarasani. Mei maji yanakuwa nyuzi 19 au 20 hivi, mtu aliyezoea Kigamboni ataingia miguu na kutoka. Julai na Agosti joto linagonga 35 na kupita, kila kitu bei juu, na karibu na tarehe 15 Agosti, sikukuu yao kubwa ya Bikira Maria, Ugiriki nzima iko ufukweni.

Kutoka Dar utaunganisha ndege Istanbul, Doha au Dubai, angalia tu ipi imeshuka bei. Ukitua Athens usichukue teksi, nje ya uwanja kuna basi X93, linakwenda mpaka stendi kubwa ya Kifissos, na hapo unakata tiketi ya KTEL ya Nafplio, hayo ndiyo mabasi yao ya mikoani. Safari ni masaa mawili na kitu, basi zuri, kiyoyozi kipo. Njiani mnavuka mfereji wa Korintho, ndiyo, wale wale Wakorintho wa barua za Paulo, mfereji wenyewe ulikamilika 1893 na umechimbwa kwenye mwamba kilomita kama sita, lakini darajani ni sekunde chache tu kwa hiyo weka simu tayari.

Sasa bahari. Sisi huku kabla ya kwenda bichi tunauliza kwanza maji yamejaa au yamekupwa, maana ukienda saa mbaya unatembea kwenye mchanga na majani mpaka uchoke ndipo uyakute maji magotini. Kule sahau hiyo habari. Mediterania imezibwa karibu pande zote, mlango wake mkubwa wa asili ni ule mwembamba wa Gibraltar, kwa hiyo maji kujaa na kupwa ni kidogo sana, sehemu nyingi ni sentimita tu, ulipoyaacha asubuhi ndipo utayakuta jioni. Kinachokupangia siku ni jua. Ogelea saa mbili asubuhi mpaka saa tano, kula, kisha kuanzia saa nane fanya kama wenyewe, lala, maduka mengi yanafungwa na barabarani hakuna mtu, halafu rudi majini saa kumi na moja. Na usiogope kwamba giza litakukuta, mwezi Juni jua linazama kwenye saa tatu kasoro usiku, wenzangu wa Magharibi ya saa kumi na mbili na nusu jiandaeni kisaikolojia. Kizuri ni kwamba kiangazi saa yao na yetu ni ileile, hubadilishi hata dakika.

Ufukwe wa karibu unaitwa Arvanitia, uko nyuma ya mji chini ya mwamba, dakika chache kutoka katikati. Ni wa kokoto siyo mchanga, kwa hiyo beba yeboyebo, sitanii, zile za buku tano za Kariakoo zitakuokoa kuliko kandambili maana hazichomoki majini, na kwenye mawe kuna vile viumbe vyeusi vya miiba ambavyo ukivikanyaga safari imeishia hapo. Kuna na majukwaa ya saruji yenye ngazi za kushukia, ila kina kinaanza mapema, asiyejua kuogelea asijaribu.

Asiyejua kuogelea na mwenye watoto aende Karathona. Kutoka Arvanitia kuna njia ya miguu inayopita kando ya bahari chini ya mlima, kama kilomita tatu, tambarare, upande mmoja mwamba upande mwingine maji ya bluu, kwangu mimi hii njia peke yake inatosha kumpeleka mtu Nafplio. Ondoka kabla ya saa mbili asubuhi na maji ya kunywa mkononi. Karathona yenyewe ni mchanga, maji mafupi, na nyuma kuna mikaratusi ya kivuli. Ukitaka mchanga zaidi na pilikapilika za watu, panda basi mpaka Tolo, kilomita kama 12.

Kuhusu vile vitanda na miavuli, uliza bei kabla hujakalia, pengine unalipia kitanda, pengine unatakiwa tu kununua kinywaji. Lakini usikubali kufukuzwa, kisheria ufukwe wa Ugiriki ni wa umma, wananchi waliandamana na mataulo yao 2023 kudai nafasi, na sheria ya 2024 inataka sehemu kubwa ya ufukwe iachwe wazi na vitanda vikae mita nne kutoka kwenye maji. Tandika kanga yako, keti.

Ngome ya Palamidi panda ikifunguliwa tu asubuhi, wanasema ngazi ni 999, sijui nani alihesabu, mapafu yako yatakubali tu. Waveneti, watu wa Venice ya Italia, waliijenga 1711 mpaka 1714. Mjini pitia kanisa la Agios Spyridon, mlangoni pake ndipo alipouawa kiongozi wa kwanza wa nchi, Kapodistrias, mwaka 1831. Inatosha, rudi majini.

Kula: pweza utamkuta amechomwa kwenye mkaa na kumwagiwa mafuta ya zeituni na ndimu, agiza bila wasiwasi. Samaki wanauzwa kwa kilo, mwambie akupimie na akutajie bei kabla hajaingia jikoni, bei ya menyu siyo ya sahani. Mkate unaoletwa mezani nao unalipiwa. Mishkaki yao, souvlaki, na gyros, mara nyingi ni nguruwe, kama huli sema "kotopoulo" upate kuku, japo hiyo siyo kusema amechinjwa halali, anayechunga zaidi abaki na samaki na saladi. Na chakula cha usiku wenyewe wanaanza saa tatu na kuendelea, ukienda saa moja utakula na viti.

Vidogo vidogo: karatasi ya chooni usitupe kwenye choo, tupa kwenye ndoo iliyo pembeni, mabomba yao ni membamba. Hotelini utadaiwa ushuru wa kila usiku ambao mara nyingi haumo kwenye bukingi, unapanda kwa idadi ya nyota. Dharura piga 112.

Kurudi, tiketi ya basi la Athens kata jana yake, hasa kama ni Jumapili jioni, maana watu wote wa wikiendi wanarudi na basi moja na wewe, na kutoka Kifissos mpaka uwanja wa ndege weka saa nzima na nusu kwa ajili ya foleni.