Kuzoa taka wenyewe au kumpa mkandarasi: hesabu ya kufanya kwanza

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukaa na mwenzangu wa halmashauri nyingine aliyetakiwa kupeleka pendekezo kwenye kikao.

Hatua ya 1: Ipe kazi kipimo. "Mji uwe safi" haipimiki. "Vizimba vyote vya taka vya sokoni viwe vimezolewa kabla ya saa 3 asubuhi" inapimika. Dampo likiwa na mizani, lipeni kwa tani. Malipo kwa tripu siyaafiki kabisa: lori lililojaa nusu nalo ni tripu.

Hatua ya 2: Tafuta gharama itakayoondoka kweli. Hapa msiwe na haraka. Tuseme idara inatumia milioni 14 kwa mwezi, mkandarasi anataka 12. Kikao kitaona milioni 2 zimeokolewa. Lakini ndani ya zile 14 kuna milioni 3 za mhasibu, ofisi na mlinzi wa yadi, na hao wanabaki hata taka akizoa mwingine. Kinachoondoka ni 11. Kwa mkandarasi ongezeni msimamizi wa mkataba na mafuta ya ukaguzi, tuseme milioni 1. Sasa ni 13 dhidi ya 11. Muulizeni pia kama bei yake ina VAT ya asilimia 18 au bado.

Dereva wa ajira ya kudumu analipwa na Hazina, ankara ya mkandarasi inalipwa kwa mapato ya ndani. Ndiyo maana wengine humwandika dereva sifuri. Mwandikeni, pamoja na mchango wa mwajiri PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), asilimia 15 ya mshahara. Ni fedha ya mwananchi yuleyule. Kisha lori: matairi, uchakavu, na siku linapolala gereji mkalazimika kukodi. Siku hizo zitoeni kwenye kitabu cha safari cha gari. Majibu ya mdomo hayatoshi.

Hatua ya 3: Angalia soko. Mwenye malori akiwa mmoja tu mjini, baki na kazi yako.

Hatua ya 4: Acha njia ya kurudi. Mkataba wa City Water, kampuni binafsi iliyopewa kusambaza maji Dar es Salaam, ulianza 2003 na Serikali ikauvunja 2005. DAWASCO, shirika la maji la umma, iliweza kuingia kazini kwa sababu mabomba yalibaki mali ya umma. Msiuze malori yote. Mimi hupendelea kata chache zibaki kwa halmashauri, ili mkataba ukiisha muwe na bei yenu ya kulinganisha.

Hatua ya 5: Tangazeni zabuni NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi wa umma mtandaoni.