Waridi la jangwani likipigwa na baridi ya Arusha: namna ya kuliokoa

Kipupwe kikishaingia, watu wengi wanaosimama kwenye kitalu changu hapa Sakina hawaji kununua. Wanaleta wagonjwa. Wiki iliyopita mama mmoja wa Ngaramtoni alishuka kwenye daladala amekumbatia chungu alichokifunga kanga, akakiweka mezani na kukifunua. Adeniamu, ule mmea wa shina nene tunaouita waridi la jangwani. Majani yaliyobaki manne, yote ya njano, na ncha za matawi nyeusi kama njiti za kiberiti zilizokwisha kuwaka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, umekufa huu?"

Nikabonyeza udongo. Kidole kikatoka na matope.

"Unaumwagilia?"

"Kila siku, baba. Si nimeuona umenyauka!"

Basi hapo ndipo penye ugonjwa. Baridi iliujeruhi, jagi likawa linaumalizia.

Mmea huu asili yake ni nyika za joto, na huku kwetu Afrika Mashariki unaota wenyewe porini. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 12 hivi, huko juu kwenye miteremko ya Meru hata chini ya hapo. Kwa mmea wa aina hii hiyo ni baridi kali. Hudondosha majani, hulala, mizizi huacha kunywa. Maji unayomimina hayaendi popote. Yanajaa kwenye udongo, mizizi inakosa hewa, kuvu inapata mlango. Mtu wa Moshi mjini, aliye chini zaidi, huenda akavuka msimu salama. Wa Marangu au Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, asijidanganye.

Hatua ya 1: Weka jagi chini, hamisha chungu

Acha kumwagilia leo hii, hata kama majani yamelegea. Toa na kile kisahani cha chini kinachotuama maji.

Kisha angalia mmea unalala wapi. Watu huuweka dirishani upate mwanga, halafu jioni wanafunga pazia na kuuacha katikati ya pazia na kioo. Hapo ndipo penye baridi kuliko pote chumbani. Usiku uvushe pazia uwe upande wa chumbani, na usiukalishe juu ya sakafu ya saruji. Stuli au hata kipande cha ubao kinatosha. Wengine huuwekea jiko la mkaa karibu. Usifanye hivyo. Mmea hautapona kwa moshi, na chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa kinaua watu.

Hatua ya 2: Pima kama upo hai

Mmea usio na jani hata moja unaweza kuwa mzima kabisa, kwa hiyo usihukumu kwa macho. Kwaruza ganda la tawi kwa ukucha, kidogo tu. Ukiona kijani chini yake, tawi linaishi. Ukiona kahawia kavu, limekufa. Shuka sentimita chache ukwaruze tena.

Halafu lishike tumbo, yaani lile shina nene la chini, ulibonyeze pande zote kwa dole gumba. Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko pote, maana majibu yanafanana kwa anayeanza. Likiwa gumu kama kiazi kibichi, una bahati: kausha udongo, ngoja, hatua ya 3 haikuhusu. Likibonyea lakini ganda limekunjamana na halina unyevu, kama papai lililokaa sana mezani, huo ni uchovu. Mizizi imelala, akiba ya maji inapungua; dawa yake iko hatua ya 5. Likibonyea kama nyanya iliyooza, ganda likateleza chini ya kidole, ukinusa ukapata harufu ya mtaro, huo ni uozo, na hauna muda wa kusubiri hadi Jumamosi.

Wa yule mama ulikuwa mgumu upande mmoja, umeoza upande wa pili.

Hatua ya 3: Kata

Vaa glavu, au mifuko ya plastiki mikononi. Utomvu wake ni sumu: Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huutumia kwenye mishale ya kuwindia. Watoto na mbuzi wakae mbali, na mabaki yafukie.

Toa mmea kwenye chungu, kung'uta udongo wote. Chukua kisu chembamba chenye makali, kifute kwa spiriti, kata sehemu laini hadi ufike kwenye nyama safi yenye rangi ya maziwa. Futa kisu tena kila baada ya mkato, la sivyo unaipeleka kuvu kwenye nyama nzima kwa mkono wako mwenyewe. Ukiona hata kidoa kimoja cha kahawia, hujamaliza. Wengi hukomea hapo kwa huruma, kisha uozo unarudi. Mimi nimeshabakiwa na robo ya tumbo na ikaota.

Ncha nyeusi zilizokauka kavu ziache mpaka joto lirudi, hazina madhara. Laini ndizo zinazokatwa sasa.

Paka vidonda unga wa mkaa au mdalasini wa jikoni, kisha laza mmea mahali pakavu penye kivuli na hewa. Wakati wa joto wiki moja inatosha kidonda kufunga. Julai, weka wiki mbili.

Hatua ya 4: Udongo mpya

Ule wa zamani usiurudishe. Mimi huchanganya moramu iliyochekechwa makopo mawili, mchanga mnene wa mto uliooshwa kopo moja, na mboji iliyoiva kopo moja. Ukimwaga maji juu, yapite chini papo hapo. Chungu cha udongo wa kufinyanga ni bora kuliko cha plastiki, kiwe na tundu, na kisizidi tumbo kwa zaidi ya vidole viwili kila upande.

Hatua ya 5: Subiri, halafu jua kidogo kidogo

Panda pakavu. Kama tumbo ni gumu, usimwagilie mpaka uone vichipukizi, na kwa hali ya hewa yetu hivyo huja Septemba au Oktoba. Likikunjamana sana, mpe nusu kikombe asubuhi ya siku yenye jua, maji yaliyolala ndani ya nyumba, si ya bomba la alfajiri. Mbolea ingoje majani.

Jua nililikosea mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza niliutoa mmea uliokaa wiki tatu kivulini nikaupeleka juani saa sita mchana, nikidhani nafidia baridi. Jioni ganda lilikuwa na baka jeupe la kuungua, na baka hilo lipo hadi leo. Anza na jua la saa mbili hadi saa nne asubuhi, ongeza saa moja kila baada ya siku kadhaa.

Kama mgonjwa wako ni mshubiri uliogeuka mwekundu, usihangaike. Hiyo ni rangi ya kubanwa na baridi, utarudi kijani.

Wa yule mama nimeukata, umebaki nusu ya tumbo na matawi mawili, umelala kwenye ungo juu ya kabati langu. Nimemrudishia chungu kitupu akakioshe kwa maji ya moto na kukianika.

"Sasa nyumbani nitamwagilia nini?" akaniuliza.

"Mchicha, mama."